Tope la Ziwa ni Kitabu cha Mvua

Wakulima wa skimu wakikutana penye kituo cha maziwa au mkutanoni, mara nyingi huulizana swali moja: Je, mvua imebadilika? Mmoja husema, "Zamani mvua haikukosa." Mwingine husema, "Hata zamani jua lilikuwa likiwaka." Wote wawili husema kweli, maana kila mtu hueleza aliyoyaona yeye mwenyewe. Lakini macho ya mtu mmoja huona miaka 60 au 70 tu, na habari za mvua ni za miaka maelfu.

Katika somo hili tutaeleza namna wataalamu wanavyosoma habari hizo katika tope lililo chini ya maziwa yetu. Tutaeleza pia waliyoyakuta humo, na faida yake kwako wewe mwenye shamba, ng'ombe na watoto wa kusomesha.

KWA NINI KUMBUKUMBU ZETU HAZITOSHI

Mpango mkubwa wa kugawa ekari milioni moja kwa wakulima wa skimu ulianza mwaka 1962. Sasa fikiri jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua kubwa sana ilinyesha katika Afrika Mashariki yote. Mito ilifurika na maziwa yakapanda. Ziwa Victoria peke yake lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya mwaka 1961 na 1964. Ziwa Naivasha nalo, ambalo lilikuwa limeshuka sana katika miaka ya 1940 na 1950, lilipanda tena.

Basi wazee wengi wa skimu waliingia katika mashamba yao wakati maji yalipokuwa mengi. Walichimba visima, wakahesabu ng'ombe na kupanga mashamba kwa kutazama mito ya miaka ile. Mtu akianza kuhesabu siku ya karamu, siku nyingine zote ataziona kuwa za njaa. Ndiyo sababu hatuwezi kujua mvua ya kawaida ni ipi kwa kuwauliza wazee wa skimu peke yao, ingawa maneno yao ni ya thamani.

Vipimo vya mvua vilivyoandikwa navyo havifiki mbali. Katika sehemu nyingi za bara vilianza mwishoni mwa karne ya 19 au baadaye. Yafaa basi tutafute shahidi mwingine aliyekuwapo kabla ya hapo. Shahidi huyo ni tope.

ANZA NA BWAWA LAKO

Huna haja ya kwenda mbali ili kulielewa jambo hili. Jua likiwa kali na bwawa la kunyweshea ng'ombe likikauka, nenda ukingoni na jembe. Kwanza hakikisha kwamba tope limekauka na kuwa gumu, maana tope bichi laweza kumzamisha mtu. Chimba shimo dogo ambalo upande wake mmoja umenyooka kama ukuta. Kisha utazame ukuta huo vizuri.

Utaona mistari. Mstari wenye mchanga na vijiwe ni wa siku za mvua kubwa, maji yalipoingia kwa nguvu. Mstari wa udongo laini ni wa siku maji yalipotulia. Mstari mweusi wenye majani yaliyooza ni wa wakati majani yalipoota majini. Ukiona nyufa za zamani zilizojaa udongo wa juu, hapo bwawa lilikauka.

Kanuni ya kusoma mistari hiyo ni moja: lililo chini ni la zamani kuliko lililo juu. Tope hulala kama magunia ghalani, gunia lililotangulia kuingia ndilo lililo chini ya mengine.

Ukitaka kuwaonyesha watoto, chukua chupa pana ya kioo. Tia ndani konzi mbili za udongo wa shambani, ujaze maji, uitikise kwa nguvu, kisha uiache imetulia usiku kucha. Asubuhi utaona mchanga uko chini, udongo laini uko juu yake, na vipande vya majani vinaelea. Kazi hiyohiyo hufanyika katika ziwa kila mwaka. Tope hilo linalotulia chini huitwa mashapo.

NAMNA TOPE LINAVYOTOLEWA

Umemwona mnunuzi wa mahindi akichoma gunia kwa bambo ili aone mahindi ya ndani bila ya kulifungua gunia. Wataalamu wa maziwa hufanya vivyo hivyo. Hupanda mashua au chelezo, hushusha bomba refu hadi chini ya ziwa, na kulisukuma wima ndani ya tope. Bomba likivutwa juu huja limejaa tope, na matabaka yake yamo humo kwa utaratibu uleule yaliyolala ziwani. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Daniel Livingstone wa Chuo Kikuu cha Duke, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuchimba tope la maziwa na vinamasi vya Afrika Mashariki kwa njia hii, katika miaka ya 1960.

Tope hilo hupelekwa katika maabara, hukatwa vipande vyembamba kama mkate, na kila kipande huchunguzwa peke yake.

MAMBO MANNE YANAYOSOMWA

Kwanza, tope lenyewe. Ziwa likiwa na kina kirefu, tope linalotulia katikati huwa laini sana na lina vitu vingi vilivyooza. Maji yakipungua, upepo huvuruga chini, na tope huwa zito na la mfinyanzi.

Pili, mimea midogo iitwayo daiatomu. Mimea hii huishi majini, nayo ni midogo hata haionekani kwa macho bila ya darubini. Kila mmoja hujijengea ganda gumu kama kioo, na ganda hilo haliozi. Ziko daiatomu zipendazo maji matamu, na ziko zipendazo maji yenye magadi. Wewe unajua magadi, maana ng'ombe huyalamba. Maji ya ziwa yakipungua kwa jua, magadi yanabaki na kuzidi ukali, kama chumvi katika mchuzi uliochemka mno. Basi mtaalamu akikuta maganda ya daiatomu za magadi katika tabaka fulani, hujua kwamba wakati huo ziwa lilikuwa limeshuka.

Tatu, funza wa viinzi vya ziwani. Viinzi hivi haviumi watu. Huonekana jioni vikiruka makundi makundi kama moshi kando ya ziwa. Funza wao huishi ndani ya tope, na ganda la kichwa cha funza hubaki topeni kwa maelfu ya miaka. Jamii moja ya funza hupenda maji matamu, nyingine huvumilia maji ya magadi. Huyu ni shahidi wa pili anayeulizwa swali lilelile. Mashahidi wawili wasiojuana wakisema neno moja, kesi huwa na nguvu.

Nne, chavua na makaa. Chavua ni ule unga wa maua unaochukuliwa na upepo. Chavua ya mti wa msituni si sawa na chavua ya majani ya malishoni, na kila moja hutambulikana kwa darubini. Kwa njia hii hujulikana kama pande zile zilikuwa msitu au mbuga. Vipande vya makaa navyo huonyesha kwamba moto ulipita.

NAMNA YA KUJUA UMRI WA TOPE

Kusoma habari bila ya kujua mwaka ni kama kupata barua isiyo na tarehe. Kwa hiyo wataalamu hutumia saa mbili za asili.

Saa ya kwanza ni aina ya risasi iitwayo risasi-210. Risasi hii huanguka kutoka hewani na kuingia katika tope, na tangu siku hiyo hupungua. Kila baada ya miaka 22 hivi hubaki nusu yake. Kwa saa hii tope la miaka 100 hadi 150 iliyopita laweza kuhesabiwa.

Saa ya pili ni kaboni-14, iliyomo katika kila kitu kilichokuwa na uhai, kama jani, mbegu au kipande cha mti. Kitu kikifa, kaboni hiyo huanza kupungua, na nusu yake hubaki baada ya miaka 5,730. Saa hii hupima hata miaka 50,000 hivi.

YALIYOONEKANA NAIVASHA

Ziwa Naivasha lafaa sana kwa kazi hii. Maji yake hutoka hasa katika mito Malewa na Gilgil, na mto Malewa huanza katika milima ya Nyandarua, kwenye nchi ya wakulima wengi wa skimu. Hakuna mto unaotoka ziwani. Maji hupotea kwa jua na mengine huzama chini ya ardhi. Kwa hiyo mvua ikizidi milimani ziwa hupanda, na mvua ikipungua ziwa hushuka.

Upande wa mashariki wa ziwa hilo pana shimo la volkeno ya zamani lililojaa maji. Ukingo wake ulio juu ya maji ndio Kisiwa cha Crescent. Hapo ndipo penye kina kirefu kuliko sehemu nyingine za ziwa, na hata maji ya ziwa kubwa yanaposhuka sana, shimo hilo hubaki na maji yake. Kwa hiyo tope lake halikukatika, na kitabu chake hakikupoteza kurasa nyingi.

Mwaka 2000 Dirk Verschuren wa Ubelgiji, pamoja na wenzake Kathleen Laird na Brian Cumming, walitangaza habari za miaka 1,100 walizozisoma katika tope la shimo hilo. Walilitazama tope lenyewe, daiatomu na funza wa viinzi. Haya ndiyo waliyoyakuta:

Kuanzia mwaka 1000 hivi hadi mwaka 1270 hivi, nchi ilikuwa kavu kuliko ilivyo katika siku zetu.

Kuanzia mwaka 1270 hadi mwaka 1850, kwa jumla mvua ilikuwa nyingi. Lakini katikati ya neema hiyo palikuwa na vipindi vitatu vya ukame: cha kwanza mwaka 1380 hadi 1420, cha pili mwaka 1560 hadi 1620, na cha tatu mwaka 1760 hadi 1840.

Soma tena tarehe hizo, mkulima. Kipindi cha kwanza ni cha miaka 40, cha pili ni cha miaka 60, na cha tatu ni cha miaka 80. Sisi tukikosa mvua misimu miwili twasema dunia imeharibika. Wale walizaliwa katika ukame, wakaoa katika ukame, na wengine wakafa kabla haujaisha. Wataalamu hao walisema kwamba vipindi vile vitatu vilikuwa vikali kuliko ukame wowote ulioandikwa katika karne ya 20.

Haina maana kwamba mvua haikunyesha hata siku moja kwa miaka 80. Maana yake ni kwamba miaka mibaya ilikuwa mingi kuliko mizuri, na ziwa halikupata nafasi ya kujaa. Wataalamu walipolinganisha tarehe hizo na masimulizi ya wazee wa nchi za Maziwa Makuu, waliona kwamba masimulizi ya njaa, kuhama na vita yaangukia katika vipindi vile vya ukame, na masimulizi ya neema yaangukia katika vipindi vya mvua. Kwa hiyo usiyadharau maneno ya babu.

HABARI ZA ZAMANI ZAIDI

Tope la chini zaidi lina habari za ajabu kuliko hizo. Kiasi cha miaka 9,000 iliyopita mvua ilikuwa nyingi mno. Maziwa Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja, na maji yake yalisimama mita 180 hivi juu ya yalivyo sasa. Ziwa Naivasha lilijaa hata likamwagika kusini kupitia korongo la Ol Njorowa, mahali paitwapo sasa Hell's Gate. Watalii wanaotembea leo kati ya kuta zile za mawe hutembea katika njia ya mto uliokauka.

Baadaye mambo yaligeuka. Jonathan Richardson na Alice Richardson, walioandika mwaka 1972 habari za tope la Naivasha, walionyesha kwamba kiasi cha miaka 3,000 iliyopita ziwa hilo lilikauka kwa muda.

Hata Ziwa Victoria, lililo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, lilikauka kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita. Bomba la wachimbaji lilipofika chini ya tope laini lilikuta udongo mgumu wa nchi kavu wenye mizizi ya majani. Mahali ambapo meli hupita sasa palikuwa mbuga.

Kuna pia Ziwa Challa, karibu na mlima Kilimanjaro, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Hili ni ziwa dogo lenye kina kirefu ndani ya shimo la volkeno, na tope lake limelala kwa mistari myembamba sana, mmoja mweupe na mmoja mweusi. Mweupe ni wa miezi ya upepo na ukavu, daiatomu zinapozaana kwa wingi. Mweusi ni wa miezi ya mvua. Mistari miwili hiyo ni mwaka mmoja, nayo huhesabika kama ujuavyo kuhesabu pete za pembe ya ng'ombe. Mwaka 2016 wataalamu walichimba hapo wakatoa tope la urefu wa mita 214, lenye habari za kiasi cha miaka 250,000.

Kwa nini mvua ilibadilika hivyo? Mabadiliko makubwa ya maelfu ya miaka hutokana hasa na mwendo wa dunia. Dunia huyumba polepole kama pia inayozunguka, na kwa hiyo jua huzidi nguvu upande mmoja na kupungua upande mwingine, na pepo za mvua hufuata. Mabadiliko ya miaka makumi hutokana zaidi na joto la bahari. Maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yakipata joto kuliko kawaida, mvua huongezeka kwetu, na yakipoa mvua hupungua.

YAFAA KUSOMA KWA HADHARI

Tope ni shahidi mwema, lakini yapasa tumwulize maswali anayoweza kuyajibu. Tarehe za kaboni zaweza kukosea kwa miaka makumi, kwa hiyo ukisikia "mwaka 1560" uelewe "karibu na mwaka 1560". Tena maziwa yote hayakupanda na kushuka pamoja. Mwaka mmoja waweza kuwa wa neema Naivasha na wa taabu mahali pengine, kama vile mvua inavyoweza kunyesha ng'ambo ya mto na wewe usipate tone.

Jambo kubwa zaidi ni hili: tope halitabiri mwaka ujao. Halisemi kama utapanda viazi mwezi wa Machi au ungoje Aprili. Kwa jambo hilo sikiliza Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa na Bwana Shamba wenu. Tope hutuambia tu ni mambo gani nchi hii yaweza kufanya, kwa sababu imekwisha kuyafanya.

Wengine wakisikia habari hizi husema, "Basi, ikiwa ukame ulikuwapo tangu zamani, haya mambo ya hewa kuharibiwa na moshi ni maneno tu." Hapo wanakosea. Ukame wa zamani ulikuja wenyewe. Sasa moshi wa mafuta na makaa ya mawe umeongeza joto la dunia, na joto hilo limewekwa juu ya ile tabia ya nchi ya tangu zamani. Jua likikausha udongo katika dunia yenye joto zaidi, udongo hukauka upesi zaidi. Na mvua ikija huweza kuja kwa kishindo. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua mfululizo ilikosa katika sehemu kavu za kaskazini na mashariki mwa Kenya. Na katika mwaka 2020 huohuo maziwa ya Bonde la Ufa, Naivasha likiwamo, yalikuwa yamepanda hata kuingia katika nyumba za watu. Mzigo wa zamani ungalipo, na mzigo mpya umeongezwa juu yake.

FAIDA YAKE KWA SHAMBA LAKO

Mtu anayejenga daraja hapimi mto wakati wa kiangazi tu, hutafuta alama ya maji yalipofika siku ya mafuriko makubwa. Wewe nawe usipange shamba kwa mwaka mzuri unaoukumbuka. Panga kwa kujua kwamba miaka mibaya yaweza kufuatana. Fanya mambo haya:

1. Pima mvua yako mwenyewe. Tumia kipimo cha mvua, au kopo lenye pande zilizonyooka, ulisimamishe mahali peupe mbali na miti na nyumba. Kila siku saa tatu asubuhi pima maji kwa rula, andika milimita na tarehe katika daftari, kisha yamwage. Baada ya miaka 10 utakuwa na habari ambazo jirani yako hana, na mtoto wako atakushukuru.

2. Weka maji ya paa. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya paa la mita 50 za mraba huleta lita 500, ukitoa kidogo kinachopotea. Lakini ujue pia kwamba ng'ombe wa maziwa aweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku. Tangi la lita 5,000 likijaa, ng'ombe mmoja atalimaliza kwa siku 83 tu. Kwa hiyo fanya hesabu ya maji kabla ya kununua ng'ombe mwingine.

3. Weka chakula cha ng'ombe wakati wa wingi. Kata majani yakiwa mazuri, uyakaushe au uyafukie shimoni kuwa sileji. Anayengoja jua ndipo atafute majani hununua kwa bei ya mwenye majani.

4. Usitegemee zao moja. Weka sehemu ya shamba kwa mazao yanayokomaa upesi, na sehemu kwa chakula cha nyumbani, hata kama bei ya viazi au kabichi ni nzuri mwaka huu.

5. Usilime hadi ukingo wa mto wala ukingo wa ziwa. Nchi iliyo kavu leo huenda ni nyumba ya maji. Ziwa likienda mbali haliachi urithi, litarudi kuchukua mahali pake.

TOPE LAKO NAWE

Kuna neno la mwisho katika kitabu hiki. Katika tope la Naivasha, matabaka ya siku za karibuni yamekusanyika upesi kuliko ya zamani, kwa sababu nchi ya juu imelimwa na miti imekatwa. Udongo ule haukutoka hewani. Ulitoka mashambani, pamoja na mbolea iliyonunuliwa kwa fedha. Kila mtaro unaopasuka Kinangop huandika mstari mmoja chini ya ziwa.

Kwa hiyo lima kwa kukata mteremko, panda majani penye kingo za makinga maji, na uache mimea kando ya mto. Mtaalamu atakayechimba tope hilo miaka 500 ijayo hatajua jina lako, lakini atajua kama wakulima wa siku zetu walishika udongo wao au waliuacha uende.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni maswali haya katika mkutano wa ushirika wenu au nyumbani pamoja na watoto.

1. Kwa nini wazee walioingia skimu miaka ya 1960 walikuta maji mengi?

2. Daiatomu za magadi zikionekana katika tabaka la tope, ziwa lilikuwa limepanda au limeshuka? Eleza sababu.

3. Ukame wa mwaka 1760 hadi 1840 ulichukua miaka mingapi? Linganisha na ukame mrefu unaoukumbuka wewe.

4. Tope laweza kutuambia mvua ya mwaka ujao? Kama sivyo, latufaa nini?

5. Maji na majani uliyo nayo leo yatatosha ng'ombe wako kwa siku ngapi mvua ikichelewa? Andika jibu la swali hili katika daftari lako la mvua, ukurasa wa kwanza, kabla ya msimu ujao kuanza.